Abiria hawakuwa sababu
Eti stesheni ndogo za reli ya kati huku Tabora na Kigoma zilijengwa kwa ajili ya abiria wa vijijini, na leo hazina mtumishi kwa kuwa abiria wamekwisha? Hapana. Mjerumani aliyefikisha reli Tabora 1912 na Kigoma 1914 alilaza njia moja tu, ikabidi pawe na mahali pa treni kupishana na pa injini ya mvuke kujaza maji. Abiria (na mizigo yao!) walikuja juu ya hayo. Ya kwetu, ukishapita Kaliua, ofisi ina kufuli, lakini treni ikisimama hata usiku wa manane kina mama wapo na asali na karanga. Wa Nguruka na Uvinza, kwenu bado yupo wa kukata tiketi?