Usitatue mgongano wa Git kabla ya kuuona mstari wa asili

Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ikikwama katikati ya kuunganisha matawi (nakala za kazi zinazoendelezwa sambamba) na kuandika CONFLICT, yaani mgongano, wengi hukimbilia vitufe viwili vya kihariri: chukua wa kwangu, au chukua wa mwenzangu. Kazi za watu hupotelea hapo. Bila kubadilishiwa mpangilio, Git inakuonyesha pande mbili tu, na pande mbili hazitoshi kuamua lolote.

Tazama hapa:

```
<<<<<<< HEAD
nauli = 2500
=======
nauli_msingi = 2000
>>>>>>> badili-majina
```

Nani kabadili nini? Huenda HEAD, yaani tawi ulilopo, imepandisha nauli, huenda tawi la pili limeishusha. Unabaki kubahatisha. Sasa weka mpangilio huu:

`git config --global merge.conflictStyle zdiff3`

Mgongano uleule utakuja na sehemu ya tatu katikati, inayoanza kwa alama saba za `|`, na ndani yake mstari jinsi ulivyokuwa kabla matawi hayajaachana: `nauli = 2000`. Kumbe upande mmoja umepandisha nauli, na mwingine umebadili jina tu. Jibu ni `nauli_msingi = 2500`, mstari usiokuwepo upande wowote. Kitufe chochote kati ya vile viwili kingeharibu.

Na kama asili inaonyesha kwamba wote wawili wamegusa bei yenyewe, endesha `git log --merge -p` ukiitajia faili hilo, usome kila upande ulikuwa na nia gani. Ikibaki kitendawili, muulize aliyeandika. Bei si jambo la kukisia.

Mpangilio wa zdiff3 unataka Git 2.35 ya mwaka 2022 au mpya zaidi. Kwenye toleo la zamani tumia diff3. Ukiwa tayari umo ndani ya mgongano, `git checkout --conflict=diff3 nauli.py` huchora alama upya, ila hufuta marekebisho yote uliyokwisha kufanya kwenye faili hilo.

Kwenye `git rebase`, inayohamishia kazi yako juu ya tawi jingine, kuwa mwangalifu zaidi, maana pande hugeuka: `--ours` ni lile tawi unalohamia, na `--theirs` ni kazi yako mwenyewe. Kwenye miradi ya JavaScript, faili la package-lock.json, ambalo npm hulitengeneza yenyewe, usilishone kwa mkono, tatua package.json kwanza, kisha endesha `npm install`.

Ukimaliza, `git diff --check` itakuonyesha alama zilizosahaulika. Lakini kuna mgongano ambao Git haiuoni kabisa: faili jipya upande wa HEAD bado linaita `nauli`, jina ambalo halipo tena. Git itaunganisha bila kulalamika, na programu itaanguka ikianza kazi. Kwa hiyo jina likibadilishwa, tafuta la zamani kwa `git grep -nw nauli`, kisha endesha majaribio yote kabla ya `git commit`.