Ulaya waliuliza habari ya pesa, sisi tukauliza habari ya maadili

Tarehe 6 Januari 2016, akiwa Las Vegas, mkuu wa Netflix Reed Hastings alitangaza kwamba huduma yake imefunguliwa siku hiyohiyo katika nchi zaidi ya 130. Kenya na Tanzania zilikuwemo. Tulifunguliwa kwa Kiingereza, bei kwa dola, na orodha ya filamu iliyokuwa nyembamba kuliko ile wanayoiona Wamarekani. Basi, ikaisha. Ulaya Magharibi haikufunguliwa hivyo, na tofauti hiyo inaniuma mpaka leo, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho watu wetu wa filamu wanakililia sasa.

Kule waliingia kwa miaka karibu minne, nchi baada ya nchi. Uingereza na Ireland zilitangulia Januari 2012, maana lugha ilikuwa ileile na filamu hazikuhitaji kuguswa. Oktoba mwaka huo wakaenda Norway, Sweden, Denmark na Finland, ambako intaneti ilikuwa ya kasi na watu wamezoea kusoma maandishi chini ya picha tangu utotoni. Uholanzi ikafuata Septemba 2013. Ujerumani na Ufaransa zilisubiri hadi Septemba 2014, pamoja na Austria, Uswisi, Ubelgiji na Luxembourg. Hispania, Italia na Ureno zikaja Oktoba 2015.

Kwa nchi kubwa kama Ujerumani, Ufaransa, Italia na Hispania, kazi ilikuwa nzito. Mtazamaji wa huko anataka kumsikia Mmarekani akizungumza lugha yake, na kuna waigizaji wa sauti ambao riziki yao yote ni hiyo. Mtu yeyote aliyekulia kwenye kibanda umiza akisikiliza sinema ya Kihindi ikisimuliwa kwa Kiswahili anaelewa ninachosema: sauti ya nyumbani inaifanya picha ya mbali iwe yako. Netflix ilibidi ilipie sauti hizo kabla hata ya kumpata mteja wa kwanza. Isitoshe, haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi. Walipofika Paris na Berlin hawakuwa hata na House of Cards, tamthilia yao wenyewe waliyokuwa wakijivunia kuliko zote, kwa sababu haki zake zilikwisha kuuzwa kwa kampuni za televisheni, Canal+ huko Ufaransa na Sky huko Ujerumani.

Yaani walifika kwenye nyumba zilizokuwa na wenyewe. Hili ndilo nataka tulielewe vizuri, kwa sababu kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa filamu hoja inayorudiwa ni kwamba Netflix iliiinua Hispania, iliiinua Ujerumani, na kwamba sisi tukisubiri kwa adabu zamu yetu itafika. Mimi siamini hivyo hata kidogo.

Chukua La casa de papel, ile ambayo huku tuliijua kwa jina lake la Kiingereza, Money Heist, na vijana wakavaa ovaroli nyekundu na vinyago kwenye sherehe. Ilianza kuonyeshwa Mei 2017 kwenye Antena 3, kituo cha kawaida cha televisheni cha Hispania. Kila kipindi kilizidi saa moja, maana vituo vya huko hupenda tamthilia moja ijaze usiku mzima pamoja na matangazo yake. Watazamaji walianza wengi, kisha wakapungua wiki hadi wiki. Netflix ikainunua, ikaikata upya iwe vipindi vifupi na vingi zaidi, ikaitupa duniani kwa mkupuo. Mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya televisheni ya Emmy ya Kimataifa, na mwaka 2019 Netflix ikafungua studio zake Tres Cantos, nje kidogo ya Madrid.

Ukataji ule ulikuwa wa kitaalamu, siupunguzii sifa. Lakini tazama nani alilipa nini. Hadithi ilikwisha kuandikwa, waigizaji walikwisha kulipwa, na picha zote za msimu ule wa kwanza zilikwisha kupigwa kwa fedha za kituo cha Kihispania, Netflix ikiwa haijatoa hata senti. Norway ilikuwa vivyo hivyo. Lilyhammer, hadithi ya mhalifu wa New York aliyejificha katika mji mdogo wa theluji, ndiyo iliyotangulia kutangazwa na Netflix kama kazi yake ya kipekee Februari 2012. Ilitengenezwa pamoja na NRK, shirika la utangazaji la umma la Norway, na Wanorwe walikwisha kuanza kuiona nyumbani kwao karibu wiki mbili kabla. Mgeni alikuta chakula jikoni, akakionja, akakisambaza. Waliokipika walikuwa wamelelewa kwa kodi na ada za wananchi wao kwa miongo mingi.

Halafu ikaja sheria, na hapa ndipo Ulaya ilipofanya kazi ninayoiheshimu.

Mwanzoni kulikuwa na mwanya. Katika Umoja wa Ulaya, kampuni ya televisheni husimamiwa na nchi yenye makao yake, na makao ya Netflix kwa Ulaya yako Uholanzi. Ufaransa au Ujerumani zingeweza kuona mamilioni ya watu wao wakilipia huduma kila mwezi bila kuwa na la kufanya. Mwaka 2018 Umoja ukabadilisha agizo lake la huduma za picha na sauti. Ukasema angalau asilimia 30 ya kazi kwenye orodha ya kila huduma ziwe za Kiulaya, tena ziwekwe mahali zinapoonekana. Ukaongeza jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko hilo: nchi inayolengwa inaruhusiwa kuidai kampuni ichangie filamu za nchi hiyo hata kama ofisi yake iko kwingine.

Asilimia 30 inatajwa sana kwenye mijadala yetu, na naona inatajwa kuliko inavyostahili. Inahesabu idadi ya kazi kwenye orodha. Haihesabu saa ambazo watu wametazama, wala fedha iliyotumika. Kampuni inaweza kununua mzigo wa filamu za zamani kwa bei ya kutupa, ikajaza rafu, ikawa imetimiza. Tena kazi za Uingereza zinaendelea kuhesabiwa kuwa za Kiulaya hata baada ya nchi hiyo kujitoa kwenye Umoja mwaka 2020, kwa sababu ingali ndani ya mkataba wa Baraza la Ulaya, chombo kingine kilicho nje ya Umoja, kuhusu televisheni inayovuka mipaka. Kwa hiyo sehemu nzuri ya hiyo asilimia inaweza kutimizwa kwa Kiingereza, na Msloveni au Mwestonia asipate kitu. Ndiyo maana nikisikia mbunge wetu anadai kiwango cha maudhui ya ndani kwenye majukwaa haya, nafurahi nusu. Kiwango bila fedha kinazaa rafu iliyojaa.

Fedha ndiyo iliyoleta mabadiliko, na mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uswisi, ambayo hata haimo kwenye Umoja wa Ulaya. Vituo vya televisheni vya ndani vya nchi hiyo vilikuwa tayari vinatakiwa kuweka asilimia 4 ya mapato yao katika filamu za Uswisi. Huduma za intaneti hazikuwa na wajibu huo. Bunge likapitisha sheria mwaka 2021 kuziweka sawa: asilimia 4 ya mapato ghafi wanayovuna nchini humo iende kwenye utengenezaji wa filamu na tamthilia za Uswisi, na wasipowekeza wenyewe walipe tofauti. Vijana wa vyama kadhaa wakapinga, wakakusanya saini, wakasema bei ya kifurushi itapanda na mtazamaji ndiye atakayeumia. Suala likapelekwa kwa wananchi. Tarehe 15 Mei 2022 Waswisi walipiga kura, na zaidi ya asilimia 58 wakasema ndiyo. Sheria ikaanza kutumika Januari 2024.

Hebu fikiria hilo. Watu wa nchi iliyokuwa na chini ya wakazi milioni tisa wakati huo, waliogawanyika kwa lugha nne, waliambiwa waziwazi kwamba pengine kutakuwa na gharama, wakapima, wakaamua kwamba kujiona wenyewe kwenye kioo kuna thamani.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Tangu Julai 2021 kampuni hizi zinatakiwa kuwekeza angalau asilimia 20 ya mapato yao ya huko katika kazi za Ufaransa na Ulaya, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ipite kwa watayarishaji huru ambao haki za kazi zinawarudia baada ya muda. Kipengele hicho cha haki nakipenda kuliko hata asilimia yenyewe. Mtayarishaji anayebaki na haki zake anaweza kuuza kazi ileile tena miaka mitano baadaye, akalipa mishahara, akaanza nyingine. Anayeuza kila kitu kwa mkupuo hubaki fundi wa kuajiriwa maisha yake yote, hata kama jina lake limepita kwenye skrini za dunia nzima.

Sikubaliani na Wafaransa kwa kila jambo. Ule utaratibu wao wa kuzisubirisha huduma hizi miezi 36 baada ya filamu kuonyeshwa sinema ulikuwa wa kukomoana, na uliwapa wezi wa filamu soko la bure. Mwaka 2022 Netflix ilipunguziwa ikawa miezi 15, baada ya kukubali kuweka fedha katika sinema. Huo ulikuwa mpango wa watu wazima: toa zaidi, pata mapema.

Kuna hoja moja pinzani ninayoichukulia kwa uzito: kwamba soko likiwa dogo, kampuni itanuna na kuondoka. Denmark iliipata joto hiyo. Mwaka 2022, wasanii na watayarishaji walipodai malipo bora ya haki zao, Netflix na baadhi ya washindani wake walisimamisha kuagiza tamthilia mpya za Kidenmaki. Watu walikosa kazi miezi kadhaa, na haikuwa jambo la mzaha. Hatimaye pande zote zilirudi mezani zikapatana. Netflix haikuifunga Denmark.

Sasa turudi kwenye Januari ile ya 2016. Wakati Ulaya ikiwa tayari inajadili nani atachangia filamu zake, taarifa iliyosikika zaidi kutoka kwetu ilikuwa ya KFCB, bodi inayoainisha filamu Kenya, ikionya kuhusu maudhui machafu, watoto, hata usalama wa taifa. Sidharau swali hilo. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anatazama nini, na bodi hiyo ipo kwa kazi hiyo. Ila hakuna aliyesikika kwa sauti kama hiyo akiuliza kampuni itavuna kiasi gani Nairobi na itaacha nini. Tanzania nako Bodi ya Filamu imejulikana zaidi kwa vibali na kufungia kuliko kwa kutafutia watu mitaji.

Kodi tuliweka, ni kweli. Kenya ilianza kutoza asilimia 1.5 ya mauzo ya huduma za kidijitali Januari 2021, kisha ikaleta kodi nyingine mahali pake. Tanzania iliweka asilimia 2 mwaka 2022. Tofauti na Uswisi ni moja tu na inatosha: fedha hizo zinaingia Hazina na kuchanganyika na nyingine zote. Hakuna mwandishi wa skripti Kisumu wala mpiga picha Mwanza anayeweza kusema shilingi hii imetoka kule.

Country Queen ilipoingia Netflix mwaka 2022, tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba nembo yao, niliiangalia kwa fahari, nikisikia Kiswahili na Kikamba vikizungumzwa kama vinavyozungumzwa kweli. Kisha nikakumbuka kwamba ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Wakenya na Wajerumani. Hata hapo, mkono wa Ulaya ulikuwemo. Ninawashukuru kwa dhati. Lakini nchi yenye vipaji vyote hivi haipaswi kungoja mshirika wa nje ndipo ijione kwenye kioo.

Na nafasi ya kuuliza imefika tena, safari hii kupitia mlango mwingine. Septemba 2025 Canal+ ya Ufaransa ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice, yaani DStv na GOtv zilizo kwenye sebule zetu. Canal+ ilianza mwaka 1984 kwa makubaliano yaliyoibana iweke sehemu ya mapato yake katika sinema ya Ufaransa ili iruhusiwe kuonyesha filamu mapema. Imeishi na sharti hilo miaka yote na imekua nalo hadi ikaweza kununua kampuni kubwa ya televisheni barani Afrika. Hawawezi kutuambia jambo hilo haliwezekani.

Kwa hiyo ninaomba Kamisheni ya Filamu Kenya na Bodi ya Filamu Tanzania zikae meza moja na kampuni hizi, Canal+ na Netflix kwa pamoja, na ombi lenye mambo matatu. Asilimia 4 kama ya Waswisi, mfuko ulio nje ya Hazina, na haki zinazomrudia mtayarishaji. Na majina ya waliopewa fedha, pamoja na kiasi, yachapishwe kila mwaka hadharani kila mtu asome.