Mlima wa Parys: sumu iko kwenye maji, si kwenye magofu

Wanaotaka machimbo ya zamani ya shaba ya Mlima wa Parys, kisiwani Anglesey huko Wales, yafukiwe wana takwimu nzito mkononi. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba maji mekundu ya mlima huo hupeleka Bahari ya Ireland takriban tani 24 za zinki na tani 10 za shaba kwa mwaka. Uchafuzi wa kiasi hicho haufai kuvumiliwa.

Lakini tani hizo zinatoka wapi? Vifusi, yaani malundo ya mawe yaliyotupwa na wachimbaji, vina sehemu yake, mvua inaponyesha. Ila chanzo kikubwa kimo tumboni mwa mlima, ambamo hewa na maji hukutana na mawe yenye salfa, ikazaliwa tindikali inayoyeyusha madini. Mwaka 2003 maji yaliyofungiwa mahandakini yalitolewa kwa pampu, kwa hofu kwamba kizuizi kingepasuka na kuufurikisha mji wa Amlwch. Tangu hapo maji ya mgodini hutokea kwenye mdomo wa handaki moja na kuingia mto Afon Goch wa kaskazini. Mto wa kusini wenye jina hilohilo ukapata nafuu. Kwa hiyo hata vifusi vyote vikifukiwa kesho, handaki lile litaendelea kumwaga.

Anayetetea magofu huonwa kama mpenda uchafu, ilhali magofu yenyewe yanaonyesha njia. Wachimbaji waliyakusanya maji hayohayo mabwawani, wakatumbukiza chuma chakavu, na shaba ikajitenga ikatua chini kama tope. Walivuna shaba bila kupiga sururu. Mabwawa hayo yangalipo, pamoja na shimo kubwa la wazi na mnara wa kinu cha upepo cha mwaka 1878.

Kuna pia ushahidi usiopendeza. Mgodi huu, uliovuma baada ya mwamba mnono kupatikana mwaka 1768, ulikuwa mkubwa kuliko yote ya shaba Ulaya katika miaka ya 1780. Shaba yake ilifunika matumbo ya manowari za Uingereza, na ilifuliwa vikuku vya kununulia watumwa Afrika Magharibi. Sisi Waafrika tuna haki ya kutaka mahali hapo paonekane.

Wapinzani wana nguvu kwenye gharama: kifusi hufukiwa mara moja, maji husafishwa miaka yote. Hata hivyo fedha ya kwanza iende kwenye mdomo wa handaki, na vifusi vichimbiwe mifereji ya kukinga maji ya mvua kabla ya yeyote kuleta tingatinga.