Winchi Imeniumbua Mbudya

Kilichoniponza ni mdomo. Asubuhi tulipotoka Kunduchi, Dar es Salaam, na familia iliyokodi boti kwenda kisiwa cha Mbudya, niliwaonyesha swichi ya winchi ya nanga kana kwamba nimeiunda mimi. "Humu hakuna kuvuta kamba. Nabonyeza hapa, nanga inapanda yenyewe." Mzee wangu wa omo, yaani mbele ya boti, ambaye ameng'oa nanga kwa mikono yake tangu sijazaliwa, akageuka akatazama baharini.

Tukatia nanga kwenye mchanga, maji mita sita. Watu wakashuka, wakaogelea, wakala samaki na chipsi. Saa kumi na nusu wote wamerudi botini, mtoto kalala, bibi yao kafunga kikapu chake. Nikawasha injini, maana winchi ile inakula umeme vibaya, ukiitegemea betri peke yake unaiua. Nikabonyeza juu.

Tak.

Nikabonyeza tena. Tak. Mnyororo haukutikisika.

"Tuuvute kwa mkono," mzee akasema. "Mita sita hizi."

Ningemsikiliza, saa hizo tungekuwa tunakaribia Kunduchi. Lakini maneno yangu ya asubuhi yalikuwa bado yanaelea pale botini, na bibi mwenye kikapu alikuwa ananitazama. Nikamwambia mzee asubiri kidogo, haya mambo ya umeme yana utaalamu wake.

Nikazima injini, nikatoa tesa, kile kipima umeme, nikapima betri: volti 12.6. Nikapima kwenye rilei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota, pale unapoingilia: 12.6. Nikatangaza kwa sauti ya daktari, "Umeme upo. Mota ndiyo imekufa." Nikaigonga mota kwa mpini wa bisibisi mara tatu. Sijui kwa nini, ila sijawahi kumwona fundi asiyeanza hivyo.

Ikabidi nimpigie simu fundi wetu. Akauliza swali moja tu: "Umepima huku mtu amebonyeza?"

Nikanyamaza.

"Waya mbovu ambao haujabebeshwa mzigo utakuonyesha volti zote. Mwambie mtu abonyeze, upime kwenye mota."

Mzee akabonyeza, nikapima. Volti 3. Tisa na ushee zinapotelea njiani! Nikajitumbukiza kichwa ndani ya shimo la mnyororo, na pale kwenye mota nikamkuta mwizi: kichwa cha waya wa hasi, shaba yote imeota ukijani kama mchicha. Kazi ya chumvi. Winchi inakaa puani mwa boti, kila wimbi linaanza nayo.

Hapo ndipo ningefungua waya ule mmoja, niupige msasa, niurudishe. Mimi mkono ukawa mtamu. Nikazima swichi kuu ya betri (ujinga wangu una mipaka), nikafungua nyaya zote tatu, nikazisugua zikang'aa. Zamani zilikuwa na rangi zake, ila sasa zote zimekuwa rangi moja, ya kutu na chumvi. Nikazirudisha kwa kukumbuka.

Nikarudisha swichi kuu, nikaenda kwenye usukani, nikawasha injini, nikawageukia abiria, mkono nimeupeleka nyuma kwenye swichi. Nikabonyeza juu. Mota ikanguruma! Mnyororo ukaanza kra-kra-kra, wakapiga makofi, mtoto akaamka. Nami nikainamisha kichwa kidogo kuwashukuru.

"Nahodha," mzee akaita kutoka omo.

"Subiri mzee, inavuta."

"Nasikia. Inauvuta kuupeleka wapi?"

Nikageuka. Mnyororo ulikuwa unatoka shimoni mwake pete baada ya pete, unazama baharini kwa furaha zote. Nilipoachia swichi, mita 30 zilikuwa zimekwisha kwenda chini na kilichobaki ni kipande cha kamba kinachoushika mwisho wa mnyororo botini, kimekaza kama uzi wa zeze. Kamba ile aliifunga mzee, siku boti ilipoletwa. Mimi nilimwambia haina kazi.

Botini kimya. Bibi akauliza kwa upole kabisa, "Baba, ya kisasa huanza kwa kuongeza?"

Basi nikabonyeza chini, na nanga ikapanda. Mnyororo wote, na mchanga wake, huku mzee anausambaza shimoni kwa mikono usije ukajirundika ukakwama. Tulifika Kunduchi jua limeshazama, na sikusema neno njia nzima.

Zile nyaya sikuzigusa tena. Niliichomoa swichi kwenye dashibodi nikaipachika kinyume, kwa hiyo sasa juu ni juu, ila maandishi yamesimama kwa kichwa. Mzee kila tunapong'oa nanga hupita pale usukani, hulaza shingo begani, huyasoma taratibu mpaka mwisho, kisha hunitazama, akaenda zake omo.