Mota iliyoganda ikawaka moto ndani ya sekunde moja

Hebu nipeni pole kwanza maana mpaka leo nikipiga chafya inatoka poda.

Mzee mmoja alileta haibridi yake gereji, yaani gari inayosukumwa na injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme, taa ya cheki injini inawaka na gari haina nguvu, ikiona kamlima inatambaa tu. Nikachomeka skana, ikaleta kodi ya hitilafu P0A2D, yaani saketi ya sensa ya joto la mota, volti ziko juu. Nikafungua laivu data, yaani vipimo vya gari vya muda huo huo, joto la mota nyuzi minus 40. Jua kali, sisi tunachuruzika jasho, mota yenyewe inadai imeganda!

Mzee alikuwa kasimama nyuma yangu, akaiona. "Mwanangu, minus 40? Ndo maana haina nguvu, imepigwa na baridi!" Na hakuwa anatania, akauliza kabisa kama tukiiacha juani kidogo itachangamka.

Nikamwambia mzee wangu, hiyo namba ni ya uongo. Kwenye koili za mota kuna themista, kidude kidogo tu, joto likipanda ukinzani wake unashuka, kompyuta inakipa volti 5 inaangalia zinabaki ngapi. Sasa waya ukikatika au pini ikiachia, kompyuta inaona ukinzani mkubwa kupita kiasi, inadhani ni baridi kali kuliko zote inazozijua, inaandika minus 40. Waya zikigusana ni kinyume chake, unasoma joto la jehanamu. Na kwa vile haijui ukweli inabana nguvu, afadhali gari itambae kuliko koili ziungue. Mzee akaitikia "naam, naam" kwa namna ile ya mtu anayesubiri uishe.

Hapa ndo wateja wengi wanalizwa, maana kwenye gari nyingi hiyo sensa imezikwa humo humo kwenye koili na haiuzwi peke yake, kwa hiyo fundi mvivu akiona kodi tu anasema nunua mota. Mimi naanza na waya.

Nikazima gari, funguo nikaweka mbali, glavu za umeme mkononi, nikachomoa ile plagi ya usalama ya betri kubwa, nikasubiri dakika 10 kapasita, yaani vitunza chaji, za inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota) ziishiwe chaji. Waya za sensa ni za umeme mdogo, lakini zimepita jirani na zile nyaya za rangi ya chungwa za umeme mkubwa na zile hazina utani. Kisha nikaingia uvunguni, nikachomoa koneta ya sensa, nikawasha swichi kwa betri ndogo ya volti 12, skana nikamkabidhi mzee anisomee. Nikamwambia, "Mzee, sasa naunganisha matundu mawili kwa kiwaya, namba itaruka juu sana, usishtuke, ndo tunachotaka." Akasema sawa. Kumbe ile sawa alikuwa anamjibu mtu wa kwenye simu.

Nikagusisha.

Nikasikia "MIA MBILI NA NGAPI?? INAUNGUA!" kisha skana ikaanguka chini, mlango wa gari ukafunguka, na mimi nikiwa chali huku naita "mzee ngoja, mzee ngoja" nikasikia fyuuuuuu. Mtungi wa zimamoto, wote, kupitia kwenye boneti. Poda yote ikashuka kwangu. Nilitoka uvunguni kama mkate uliopakwa unga, vijana wa gereji walikuwa wamekaa chini wanalia kwa kucheka, hakuna hata mmoja aliyenipa kitambaa.

Uzuri ni kwamba jibu lilishapatikana. Namba ikiruka hivyo maana yake waya na kompyuta ni wazima, shida iko kuanzia kwenye koneta kwenda kwenye mota. Tukapuliza poda zaidi ya saa nzima (ile poda inakula metali, usiiache), nikamulika koneta, pini moja upande wa mota imejaa kutu ya kijani. Nikaisafisha, nikapima omu za sensa, yaani ule ukinzani wake, nzima kabisa. Nikarudisha kila kitu, nikafuta kodi, mota ikasoma nyuzi 36, karibu sawa na inveta na hewa ya nje, na kwa gari iliyolala imezimwa ndivyo inavyotakiwa.

Ikaja bili. Mzee akaisoma taratibu, akavua miwani, akaniambia nimpunguzie ya ufundi, kwa sababu moto kauzima yeye na mtungi ulikuwa wake.