Kabla ya Kurusha Ngumi, Jifunze Kushikwa

Mkazi wa Nairobi akisema kwamba jana usiku alipigwa ngeta, wenzake hawamwulizi maana yake. Wanamwuliza alikuwa wapi na wamechukua nini. Mkono unatoka nyuma na kuizunguka shingo, kidevu kinainuka, visigino vinaachana na ardhi, na mwizi wa pili anapekua mifuko wakati wewe bado hujaelewa kwamba unaibiwa. Dar es Salaam jambo hilo hilo wanaliita roba. Mimi lilinipata miaka sita iliyopita, muda mfupi baada ya saa mbili usiku, hatua chache kutoka kituo cha matatu ninachokitumia hadi leo. Nilipoteza simu, pochi na, kwa sekunde ambazo siwezi kuzihesabu, fahamu zangu. Nilizinduka nimeketi kwenye mtaro mkavu, na mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma ameniinamia akiniuliza, "Kijana, uko sawa?"

Aibu iliniuma kuliko shingo. Nina mabega mapana, nilikuwa nikienda jimu mara tatu kwa wiki kuinua vyuma, na nilikuwa nimejijengea imani ambayo sikuwahi kumwambia mtu, kwamba siku ikifika nitajua la kufanya. Siku ilifika, na nilichofanya ni kuung'ang'ania mkoba wa kompyuta kwa mikono yote miwili, badala ya kuukamata mkono uliokuwa ukinikaba.

Baada ya miezi miwili nilijiandikisha katika darasa la sanaa mseto za mapigano, ambazo mabango ya mjini huziandika kwa herufi tatu tu, MMA. Wengi wanapozisikia huwaza watu wawili walio ndani ya uzio wa chuma, wamelowa damu. Hayo yapo, ila mtu wa ofisini anayejifunza jioni hukutana na mambo ya kawaida zaidi: ngumi zilizotoka kwenye ndondi, mateke na magoti yaliyotoka kwenye ndondi za Kithai, mieleka ya kumwangusha mtu, na jujitsu ya Kibrazili inayohusu mapambano ya kulala chini, kukabana na kujinasua. Nimeendelea kwa miaka hii yote, na maoni niliyoyapata ni haya: kwa raia wa kawaida, faida kubwa ya mazoezi haya haimo katika ngumi wala teke, bali katika kuzoea kushikwa na mtu anayekataa kukuachia.

Nianze na ngeta yenyewe, kwa sababu ndiyo iliyonipeleka huko. Watu wengi hudhani kwamba anayekabwa hivyo hupoteza fahamu kwa kukosa pumzi. Mara nyingi sivyo. Mkono uliokaa vizuri hubana mishipa miwili mikubwa ya pande za shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya takriban sekunde kumi huku mapafu yake yakiwa na hewa tele. Ndiyo maana huchelewa kutambua hatari. Anangoja kukosa pumzi, na kumbe saa inayohesabu si ya pumzi. Mkabo huu huu ndio mojawapo ya silaha kuu za jujitsu, na darasani tunaufanya karibu kila wiki, chini ya macho ya mwalimu, kwa kanuni moja isiyovunjwa: anayekabwa akigonga kwa kiganja, mara mbili au tatu, juu ya mwili wa mwenzake au kwenye mkeka, anaachiliwa papo hapo. Asijaribu mtu haya sebuleni na binamu yake, kwa maana mkabo ukichelewa kuachiliwa huua.

Mwezi wa kwanza niligonga mara nyingi kuliko nilivyorusha ngumi. Wakati fulani alinikaba binti aliyekuwa na uzito wa pengine kilo hamsini na tano, na mimi nikiwa na themanini na nane, nikafanya lile lile la kituo cha matatu: nikakakamaa, nikafumba macho, nikashika kitu kisichohusika. Ilichukua majuma mengi kabla ya mikono yangu kujifunza kwenda yenyewe mahali panapotakiwa, yaani yote miwili kwenye mkono mmoja wa anayekaba, kuuvuta chini na kuung'ang'ania, kidevu kikishuka, kisha mwili ukigeuka kumwelekea yeye badala ya kumkimbia. Maelezo hayo unaweza kuyasoma kwa nusu dakika. Mwili ndio huwa hausomi, mpaka utiwe katika hali hiyo mara mia na mtu ambaye kweli anataka kushinda.

Historia ya mchezo huu inalionyesha jambo hilo kwa namna ya kuchekesha kidogo. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, yalifanyika mashindano ya kwanza ya Ultimate Fighting Championship (UFC). Wapiganaji wanane wa mitindo mbalimbali waliingizwa humo bila kugawanywa kwa uzito, na kanuni zilikuwa chache mno, zikiwemo za kukataza kuuma na kuchokonoa macho. Bondia Art Jimmerson aliingia amevaa glavu moja tu, mkono wa kushoto. Mpinzani wake, Royce Gracie wa Brazili, alikuwa mwembamba wa kilo zisizozidi themanini, mtu ambaye ungempita sokoni bila kumtazama mara mbili. Gracie alimwangusha, akamkalia, na Jimmerson akakubali kushindwa kabla hata hajapigwa vya kutajika. Bondia wa kulipwa, mwenye mikono ya kuangusha watu, alijikuta katika hali ambayo maisha yake yote ya mazoezi hayakuwahi kumfikisha. Gracie alishinda mapambano matatu usiku huo na kuondoka na ubingwa. Mimi nikitazama picha za Jimmerson pale chini sicheki sana. Najua alichokuwa akikitafuta na kukikosa, kwani mimi nilikitafuta mtaroni.

Mbegu ya jambo hili ni ya zamani zaidi, na ni ya Kijapani. Mwaka 1882 Jigoro Kano alianzisha shule yake ya judo, Kodokan, katika hekalu moja la Tokyo, kwenye ukumbi wenye mikeka kumi na miwili na wanafunzi tisa. Kano aliyakuta mafunzo ya jujitsu ya kale yamejaa mbinu za kuvunja na kuua, ambazo kwa ukali wake haziwezi kufanyiwa mwenzako kwa nguvu zote kila siku. Aliziweka kando zile za hatari katika mazoezi ya kushindana, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kupambana nazo kwa dhati na kesho warudi wakiwa wazima. Kwa fikra za harakaharaka ungesema alidhoofisha sanaa. Kumbe anayefanya mbinu ya wastani dhidi ya upinzani wa kweli kila jioni humshinda anayeijua mbinu ya kuua ambayo hajawahi kuijaribu kwa mtu anayekataa. Mwanafunzi mmojawapo wa Kodokan, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na ujuzi wake ndio uliofika katika ukoo wa kina Gracie na kuwa jujitsu ya Kibrazili tunayogaragazana nayo leo.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi na aina fulani ya madarasa ya kujihami yanayofanyika siku moja ya Jumamosi, cheti mkononi kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu anamwambia msaidizi wake, "Nishike hapa." Msaidizi anashika, anasimama kama mgomba, mwalimu anaupinda mkono wake mara tatu, na ukumbi unapiga makofi. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Niliwahi kuhudhuria darasa la namna hiyo na kulilipia, tena nilitoka nimefurahi, jambo ambalo sasa ndilo linalonikera zaidi. Mtu aliyefundishwa hivyo ana hali mbaya kuliko asiyefundishwa kitu, maana asiyejua angalau atakimbia.

Si kwamba mafunzo mafupi yote ni bure. Katika kitongoji cha Korogocho, hapa Nairobi, kina mama wazee wamekuwa wakikutana kwa miaka mingi katika mafunzo yaliyopata kujulikana kama Shosho Jikinge, baada ya wazee wenzao kuvamiwa na kubakwa. Shosho hao hupiga magunia, hulenga pua, na zaidi ya yote hupiga kelele. Nimewataja kwa sababu hawadanganyani kwamba watamshinda kijana wa miaka ishirini kwenye raundi tatu. Wanachojifunza ni kumkatiza kwa sekunde chache na kuwaita majirani, na wanakifanya kwa sauti na kwa mwili mzima, tena na tena. Wanawake wengi waliolelewa kunyamaza wakiguswa hulazimika kujifunza kwanza kupaza sauti. Darasani kwetu nimeona wanawake waliojua kupiga pedi, yaani mito ya kupigia ngumi na mateke anayoishika mwenzako, vizuri sana ambao kelele ndiyo iliwashinda kwa majuma kadhaa.

Upande wa afya hauhitaji maneno mengi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Vipindi viwili vya saa moja na nusu vya mieleka na pedi vinakufikisha huko, na kwa kuwa unapambana na mtu, huna nafasi ya kutazama saa wala simu. Nilipokuwa nainua vyuma nilikuwa na nguvu nyingi za dakika moja. Raundi ya dakika tano chini ya mtu mzito ilinionyesha kwamba moyo wangu ulikuwa wa mzee.

Lipo jambo moja ambalo ninatofautiana nalo na wenzangu wengi wa darasani, nalo ni kichwa. Vijana hunitajia Francis Ngannou, aliyechimba mchanga utotoni huko Batié, Kamerun, akafika Ufaransa bila pa kulala, na mwaka 2021 akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC. Habari yake inastahili kusimuliwa. Lakini Ngannou hulipwa kwa kuhatarisha ubongo wake, na sisi ndio tunaolipa ada. Tangu mwaka 1928, daktari Harrison Martland alipoandika kuhusu mabondia waliokuwa kama walevi kwa kupigwa ngumi kichwani, inajulikana kwamba makonde ya kichwa hujumlishwa mwaka hadi mwaka. Kofia ya mazoezi huzuia kuchanika. Haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Glavu nazo hulinda zaidi mifupa ya mkono wa anayepiga kuliko kichwa cha anayepigwa. Kwa hiyo mimi hupambana kwa nguvu zote katika mieleka na jujitsu, hupiga pedi na gunia bila huruma, na zamu ya ngumi za ana kwa ana ikifika huomba mwenzangu tuguse tu, tusipige. Mara nyingi nimeitwa mwoga kwa ajili hiyo, na kesho yake nimeenda kazini nikiyakumbuka mahesabu yangu yote.

Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri wa kuchagua ukumbi, simwambii aangalie vifaa. Namwambia aketi pembeni jioni moja atazame mgeni wa wiki ya kwanza anafanywa nini. Akipewa glavu na kusukumwa apambane na mkongwe, aondoke. Akiona wanafunzi hawapingani kamwe, kila mbinu inafaulu na kila mtu anatabasamu, aondoke pia. Atazame kama mwalimu naye hugonga anaposhikwa na mwanafunzi wake. Waswahili walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwenye mkeka maneno hayo ni kanuni ya usalama, kwani asiyekubali kugonga huondoka na kiwiko kilichoteguka.

Mipaka ya mazoezi haya nayo isifichwe. Dhidi ya panga au kisu sina mbinu ninayoiamini kuliko miguu yangu, na dhidi ya watu watatu jujitsu ni balaa, kwani ukilala chini na mmoja, wawili wamebaki wamesimama. Kisheria pia mtu hana ruhusa ya kufanya atakalo eti kwa kuwa ndiye aliyeanzwa. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaipima nguvu ya kujihami kwa misingi ya sheria ya Uingereza iitwayo common law, na misingi hiyo hudai nguvu ilingane na hatari iliyopo. Ukishajinasua na mwizi akawa yuko chini, teke la ziada halihesabiwi tena kuwa la kujihami. Katika miji yetu, ambako neno "mwizi" likipigwa yowe tu umati hukusanyika na mawe, huo ni mstari ambao ni rahisi sana kuuvuka.

Mwaka jana, usiku, mkono ulinigusa tena shingoni karibu na kituo kile kile. Kidevu kilishuka, mikono miwili ikaenda kwenye kifundo cha mkono ule, nikageuka. Alikuwa mwenzangu wa zamani wa chuo, amekuja kunitania kwa nyuma. Nilimwachia haraka, akasugua mkono wake, akaniuliza ni nani aliyenifundisha hivyo. Nilimwambia tunakutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu jioni, na kwamba aje na taulo.