"Leo niko na akili yangu": mgonjwa, ndugu zake na sheria

Mnyororo ulikuwa wa baiskeli. Yaya wake, dada yake mkubwa, alikuwa ameuzungushia kipande cha kitenge usimchubue kifundo cha mguu, na kila jioni alikifungua, akakifua, akamfunga kingine kikavu. Ndivyo nilivyomkuta mzee huyo, mstaafu wa reli, nyuma ya lupango lao, yaani kiwanja cha nyumba yao, kule Katuba, hapa Lubumbashi. Siku chache kabla, usiku wa mvua, aling'oa mabati ya jiko akakimbilia barabarani bila nguo, malori yakipita.

Nilirudi wiki tatu baadaye. Alikuwa chini ya mwembe, amenyoa ndevu, anachambua maharage na wajukuu. Sebuleni wadogo zake walikuwa wamekutana kuamua kama nyumba yake iuzwe. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni: "Leo niko na akili yangu. Muniulize leo."

Kanuni ya Familia ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya mwaka 1987, ina maneno yanayomgusa mtu huyu moja kwa moja. Inasema aliye katika hali ya kudumu ya wazimu ni lazima aondolewe uwezo wake wa kisheria, hata kama ana vipindi vya akili timamu. Akishaondolewa, anahesabiwa kama mtoto: mwingine anasaini kwa niaba yake, mwingine anauza, mwingine anapokea pensheni. Maneno hayo yametoka karibu yalivyo katika sheria ya Napoleon ya mwaka 1804, yakatufikia kwa njia ya Wabelgiji. Ufaransa yenyewe iliyaacha mwaka 1968, na Ubelgiji ikaanza kutumia utaratibu mpya mwaka 2014. Sisi tumebaki na nguo ambayo mwenyewe ameshaivua.

Wanaotaka kifungu hicho kifutwe wana hoja nzito. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinampa kila mwenye ulemavu, pamoja na ulemavu wa akili, uwezo wa kisheria sawa na wengine. Katiba yetu, kifungu cha 215, inaupa mkataba wa namna hiyo nguvu kuliko sheria za kawaida. Tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Na tusisahau mke aliyeolewa: hadi marekebisho ya 2016, Kanuni hiyohiyo ilimtaka aombe ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mapatano ya kisheria, na ulinzi wa nyumba ndiyo ilikuwa sababu. Ruhusa ile imeondolewa, na nyumba bado zimesimama.

Lakini kamati inayosimamia Mkataba ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2014 ilieleza kwamba utaratibu wowote wa mtu kuamuliwa na mwingine ukomeshwe, na kumtibu mtu bila ridhaa yake kukomeshwe pia. Madaktari wengi wa akili walipinga. Mimi nilijaribu kumweleza yaya jambo hili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa ile usiku, ningemuacha apite chini ya lori juu ya haki yake?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sijasoma jibu linaloweza kusimama mbele ya mama huyu. Mtu aliyezidiwa hawezi kila mara kutuambia anataka nini. Kumwacha kunaweza kuwa kumtupa.

Mama huyu hakupenda mnyororo. Hapa Lubumbashi tuna kituo cha magonjwa ya akili chenye jina la Joseph Guislain, daktari wa Ghent wa karne ya 19, mmoja wa wale waliotaka wagonjwa watibiwe kama watu badala ya kufungwa. Ila kitanda kina bei, dawa ina bei, na usafiri wa kumbeba mtu anayepigana ni bei nyingine. Familia ikishindwa, zinabaki kamba, chumba cha maombi, au barabara.

Kuna jambo pande zote mbili hulipita haraka. Familia nyingi hazifiki mahakamani. Mzee wetu hakuwahi kuondolewa uwezo na hakimu yeyote. Aliondolewa sebuleni, katika saa moja, bila karatasi. Kifungu kikifutwa kesho, kikao kile kitaendelea vilevile. Mbele ya hakimu angalau kuna faili, kuna hukumu, kuna rufaa. Kwa hiyo sioni kwamba kufuta kunatosha, ingawa naona ni lazima.

Ninachokiona ni kwamba tunachanganya mambo mawili. Kumshika mtu usiku wa mvua ni jambo la saa na siku. Kuuza nyumba yake ni jambo la milele. La kwanza naweza kulikubali, kwa muda mfupi, likiandikwa na kuangaliwa na mtu asiye na hamu ya nyumba ile. La pili silikubali. Kanuni yenyewe inajua njia laini zaidi, ya kumweka msaidizi pembeni ya mtu bila kumvua kila kitu. Hiyo ndiyo ingepanuliwa.

Na vile vipindi vya akili timamu, ambavyo sheria inavipuuza, kwangu ndivyo vyenye thamani kuliko vyote. Ni wakati huo mtu anaweza kusema afanyiwe nini akizidiwa. Najua karatasi ya namna hiyo inaweza kughushiwa na ndugu, na kwamba mgonjwa aliyezidiwa anaweza kuikana. Ndiyo maana inahitaji mashahidi wa nje ya familia, shefu wa avenyu (kiongozi wa barabara yetu ya mtaa) kwa mfano, na sheria ya kuipa nguvu.

Nyumba haikuuzwa siku ile. Mpwa mmoja alileta daftari la shule, mzee akaanza kusema, yeye akaandika. Musinipeleke chumba cha maombi. Ile sindano inanikaza taya, mumuambie daktari mbele hajanichoma. Karatasi za nyumba zikae kwa yaya.

Yaya akamuuliza: "Na ukikimbia usiku?"

Mzee alitazama kifundo chake cha mguu. "Munikamate," alisema. "Lakini na mikono."